Koti la Ng'ombe

6 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe na Baba shikamoo yake, na umwambie aache kuitafuta ile miwani, iko kichwani.

Umelalamika kwamba barua zangu ni fupi kama risiti, na kwamba hujui mwanao anafanya nini asubuhi hadi jioni ndani ya koti jeupe. Haya, kaa kitako, leo nakueleza.

Kuna chembe za dhahabu. Si dhahabu ya hereni. Hizi ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu moja kwenye unene wa unywele mmoja, nafasi inabaki. Wenzangu wa chumba cha pili wanazivalisha kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili hutumia kumtambua adui. Kila kingamwili ina umbo la panda, kama manati, na ncha zake mbili ndizo zinazokamata. Hizi zetu zinakamata kitu kimoja tu: alama iliyojaa juu ya seli za aina fulani ya saratani ya matiti. Nia yetu ni kwamba siku moja chembe hizo zibebe dawa, zipite kwenye damu bila kumsumbua mtu, zikabishe hodi kwa adui peke yake.

Mimi sivalishi. Mimi nakagua. Nawasha mwanga uzipige zikiwa majini: chembe ndogo hucheza upesi, kubwa hucheza kwa uzito, na kutokana na mchezo wao najua unene wao. Napima chaji zake, yaani umeme ulio juu yake. Naangalia kama zinagandana. Zikiwa salama, maji yake ni mekundu kama ile rangi ya kucha unayowaficha wateja wakorofi. Zikigandana, yanageuka zambarau, na siku imeharibika.

Jana tulizitia kwenye majimaji ya damu, mahali ambapo chembe za watu wengi huaibika. Tukangoja. Zikabaki nyekundu! Profesa wetu, ambaye hajawahi kusifu hata chai, alinipiga bega mbele ya watu. Nilitamani Mwalimu wa chekechea anione. Unakumbuka alivyoninyima nyota kwa sababu ng'ombe niliyemchora hakuwa na mkia? "Kazi isiyokwisha haipati nyota." Nililia njia nzima.

Mama, tumeipata!

Mwanao,
Mizani


15 Februari

Mizani wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Moja haitoshi leo.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, nikalia. Ya pili nimemsomea baba yako, akajifanya ana mafua. Ya tatu nimeisoma saluni, mashine zote za kukaushia nywele nimezizima ili watu wasikie. Ndiyo maana mimi simu sizitaki. Simu unaisikia peke yako sikioni, halafu ukiwasimulia watu wanaona unatunga. Barua wanaiona kwa macho, na mwandiko wako wanaujua.

Nilipofika pale pa "tumeipata" walipiga makofi. Mmoja alisimama na dawa ya nywele kichwani ikamchuruzika shingoni, wala hakujali. Toka ukiwa mdogo nilikuwa nawaambia. Mtoto anayepima sukari ya chai kwa kijiko na kusawazisha kwa kisu, huyo si mtoto wa hivi hivi. Jina la Mizani sikulitoa hewani.

Fundi rangi amekuja. Ukuta wa mbele sasa umeandikwa SALUNI YA MAMA DAKTARI, herufi kubwa, unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Na usinianzie kwamba udaktari wako ni wa vitabu, si wa kutibu. Neno ni lile lile, na rangi imeshakauka.

Jirani wa mlango wa pili ameniletea goti lake nilitazame. Nimemwambia alikande na maji ya moto, na amepona. Sasa unaweza kufikiria sifa zilivyozidi.

Andika tena, na andika ndefu. Watu wanasubiri.

Mama yako

Nyongeza ya Baba: Goti halijapona. Anatembea vizuri akipita mbele ya saluni tu. Akishakata kona anachechemea.


27 Februari

Mama na Baba wapendwa,

Shikamooni. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama niko salama. Lakini Mama, jamani! Ile barua ilikuwa yako. Saluni nzima? Na ukutani? Punguza kidogo, tafadhali, watu watadhani nimevumbua jua.

Hata hivyo sitakudanganya, na mimi najisikia. Profesa amepanga siku ya wageni mwishoni mwa Aprili. Watakuja wakubwa wa wizara, wa hospitali, na wanaotufadhili. Na wa kueleza vipimo mbele yao ni mimi. Si yeye, si wale waliokuja kabla yangu. Mimi.

Vipimo vinanipendeza. Chembe zimenenepa kwa kiasi kile kile tulichotarajia, yaani koti limekaa. Chaji imebadilika inavyotakiwa. Tumepima kama kuna protini juu ya dhahabu, na ipo, ya kutosha. Limebaki jaribio la kuzimwaga juu ya seli zenyewe tuone zikishika, lakini hilo ni la kukamilisha tu. Nimeshaanza kuchora picha za kuwaonyesha wageni.

Ningefurahi mkija. Mtakaa mbele.

Mwanao,
Mizani


10 Machi

Mizani wangu,

Tutakaa mbele! Nimeshamwambia fundi cherehani. Kitambaa cha kijani, mikono mirefu, na si mimi peke yangu. Wateja wangu wanakuja kikosi kizima, wote kijani, ili ukitazama kwenye viti usihangaike kututafuta. Baba yako amekataa kijani. Anasema alivaa nyeusi uwanjani miaka yote ya urefa na hakuna aliyemlalamikia nguo, walilalamikia maamuzi tu.

Sasa nisikilize, nina swali. Kuna mteja wangu, mtu wa heshima zake, anauliza hivi: dawa ikitoka, watu wa nyumbani watatangulizwa? Au itabidi apange foleni na dunia nzima? Nimemwambia mwanangu hana tabia ya kusahau watu. Nimesema vizuri?

Usiniulize ni nani, ameniomba nisimtaje. Niambie tu itatoka mwezi gani, maana anapanga mambo yake.

Umesema jaribio moja limebaki. Limeshakwisha?

Mama yako


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Kazi zimebana kidogo.

Kuhusu mteja wako, mwambie afuate anachoambiwa na hospitali yake, asingoje kitu kutoka kwangu. Umwambie hivyo hivyo, Mama.

Hizo nguo msizishone kwanza.

Msalimie Baba.

Mizani


27 Machi

Mwanangu,

Kumbe risiti zimerudi. Nimeigeuza karatasi nyuma nikidhani umeendelea upande wa pili. Hakuna kitu. Tumeanza kuringa? Au ndiyo ukubwa, mtu akishakaa na Profesa mama anaandikiwa mistari mitatu?

Saluni walikuwa wamekaa tayari. Nilipoona ilivyo, niliikunja nikawasomea ile ya Februari upya. Hawakuchoka. Pale pa rangi ya kucha wanapaitikia sasa.

Yule mteja sijamwambia. Nimwambieje? Mtu tangu asikie habari yako amerudi kuimba, anakuja kusukwa kila wiki, halafu mimi nimwendee na "asingoje"? Wewe umechoka tu na kazi. Lala, kula, kisha uniandikie barua yenye kichwa na miguu.

Nguo zimeshashonwa. Za kijani. Zinapendeza mno.

Mama yako


29 Machi

Mwanangu Mizani,

Hii naiandikia kwenye benchi la uwanjani, mama yako hajui. Mimi si mtu wa barua. Nimezoea filimbi na kadi. Utanivumilia.

Mteja wa mama yako ni Mwalimu wa chekechea. Yule aliyekufundisha kushika penseli. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto, na wamempima, ni huo ugonjwa mnaopigana nao. Hospitali ilimpa tarehe ya upasuaji mwanzoni mwa mwezi huu. Hakwenda. Alikaa sebuleni kwetu akasema, nikisikia kwa masikio yangu, "Nikatwe ya nini, wakati mtoto niliyemfundisha mwenyewe ameshaipata dawa?" Mama yako siku hiyo alicheka kwa furaha, akamkumbatia.

Siku hizi hacheki. Nadhani barua yako fupi ameielewa vizuri kuliko anavyojifanya. Lakini ameshapaka rangi ukuta mzima, na kurudi nyuma kunamwia vigumu. Usimwone mbaya. Ni fahari imempeleka mbio, na sehemu ya fahari hiyo ni yangu, maana nilikuwepo na sikupuliza filimbi.

Mwalimu amepewa tarehe nyingine, katikati ya Aprili. Daktari amemwambia uvimbe unakua. Anasema hiyo nayo haendi.

Sikulaumu. Nakuuliza kitu kimoja, unijibu bila kunipambia: dawa ipo au haipo?

Baba


2 Aprili

Baba,

Haipo.

Hii anakuletea dereva wa basi. Ya Mama nampa kesho. Ikifika, kaa karibu naye.

Mizani


3 Aprili

Mama, na wote mlio saluni,

Shikamooni. Mama, zima mashine. Barua hii ni ya kusomwa kwa sauti, yote, bila kuruka. Ningeweza kukupigia simu usiku huu huu. Lakini umenifundisha mwenyewe kwamba simu mtu anaisikia peke yake. Barua ndiyo iliyowaambia tumeipata, basi barua ndiyo iwaambie ukweli.

Dawa haipo. Haijawahi kuwepo.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Mwezi uliopita nilizimwaga zile chembe juu ya seli za saratani, nikasubiri zishike. Hazikushika. Zilipita juu yake kama wapita njia, nikaziosha zote zikaenda. Nikasema seli ni mbovu. Nikaleta seli nyingine. Nikasema maji yana joto. Nikabadilisha maji. Nilirudia mpaka nikaona nimeacha kupima, nimeanza kuomba.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilizivua zile chembe koti. Nikalipitisha koti lenyewe kwenye jeli, ambayo inatenganisha protini kwa uzito: nzito zinabaki juu, nyepesi zinakimbilia chini. Kingamwili ni nzito, nikatazamia kuiona juu. Juu kulikuwa na kimstari cha kufifia, kama wanja ulioulalia usiku. Chini ndiko kulikonona, mstari mnene, mweusi. Ilikuwa protini ya ng'ombe.

Ndiyo, ng'ombe. Msicheke, au chekeni, mimi nililia. Wanaouza kingamwili wakati mwingine wanaichanganya na protini ya damu ya ng'ombe ili isiharibike njiani. Kwa kazi nyingine haina neno. Kwa kazi yetu ni balaa, maana ng'ombe huyo ni mwingi kuliko kingamwili, na aliiwahi dhahabu. Imeandikwa ubavuni mwa chupa, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka. Chupa hiyo niliipokea mimi, nikaiweka kwenye friji kwa mkono wangu.

Kila nilichowaandikia Februari nilikipima kweli. Unene ulikuwa kweli. Chaji kweli. Protini ilikuwepo kweli. Nililipima koti vizuri sana. Sikuuliza ni koti la nani.

Na jambo la pili, ambalo nilipaswa kulisema siku ile ile ya makofi. Hata kama kila kitu kingekuwa sawa, bado tungekuwa kwenye vyombo vya kioo. Baada ya hapo ni panya, kisha watu wachache waliokubali wenyewe, kisha wengi, na hapo katikati mengi hukwama. Ni miaka. Neno "tumeipata" lilinitoka kwa raha. Sikulipima, mimi ninayepima kila kitu.

Kesho asubuhi namwambia Profesa. Naogopa, lakini nitamwambia.

Mwisho, kuna mtu mmoja hapo namjua, na hata kama hakutaka kutajwa, nitazungumza naye mbele yenu kwa sababu ni kwangu alikoweka tumaini lake. Mwalimu, shikamoo. Ng'ombe wangu bado hana mkia. Mara hii usiningoje. Hospitali wanacho wanachokifahamu, kimejaribiwa, kipo leo. Nenda kwenye tarehe yako. Nakuomba kama mtoto wako, nenda.

Mizani


16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Nianze na lililo kubwa. Mwalimu amekwenda. Amepasuliwa jana, nilikuwa nimekaa koridoni, na daktari alipotoka alisema uvimbe wameutoa wote wanaouona. Bado ana matibabu mengine mbele yake, na hakutuahidi kitu. Lakini alisema, "Mngengoja tena, tungekuwa tunazungumza mengine." Nikaangalia chini. Baba yako akanishika mkono mbele ya wauguzi, mtu ambaye hata siku ya harusi alinishika kidole kimoja.

Sasa nikusimulie ya saluni. Barua ilifika, baba yako akakaa mlangoni kama mlinzi. Nikaisoma kwanza moyoni, na sikufichi, nilikasirika. Nilitaka kuichana. Niliwaza ukuta, nguo za kijani, yule jirani na goti lake, nikaona nimekwisha. Nikamwambia baba yako, "Leo siisomi." Akaichukua akaisoma, akanijibu, "Amesema yote, bila kuruka."

Nikazima mashine. Nikasoma. Mwanzoni nilisoma kwa sauti ya chini, macho kwenye karatasi. Nilipofika kwenye ng'ombe, yule wa goti aliangua kicheko, kisha akaona hakuna aliyemfuata, akanyamaza. Nikaendelea. Na hapo, Mizani, sijui kilitokea nini. Pale pa "sikuuliza ni koti la nani" nikasikia sauti yangu inapanda. Nikajikuta nasoma kwa maringo, nasimama mwisho wa kila mstari ili waingiwe. Maana niliwaza: ni nani anayeweza kusema hivi? Mbele ya watu, kwa mwandiko wake, wakati angeweza kunyamaza hadi wageni waje, wapige makofi, waondoke? Ile barua ya Februari mtu yeyote mwenye bahati angeiandika. Hii ni mwanangu peke yake.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha dirishani, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Nikamaliza. Yeye akasema, "Mama Daktari, malizia nywele zangu." Nikamalizia, mistari ikaenda upande. Akajitazama kwenye kioo akasema, "Hizi utazirudia nikitoka hospitali. Na utakayenisindikiza ni wewe."

Nilimwomba radhi njiani. Nilimwambia nilijua tangu ile barua yako fupi, nikajifanya sijui. Akasema alijua kwamba najua. Tukatembea mpaka getini, kisha akaniuliza kama nguo yangu ya kijani ina mfuko, aweke miwani yake. Ndiyo niliyoivaa, Mizani. Sikuwa na mahali pengine pa kuivaa.

Siku ya wageni sitakuja. Mwalimu hana mtu wa kumpikia wala kumbadilisha bandeji, na zamu hiyo nimeichukua mimi. Utanisamehe. Nenda usimame kama tulivyokuzaa.

Profesa alisemaje? Amekufukuza? Akikufukuza njoo, nitakufundisha kusuka.

Mama yako

Nyongeza ya Baba: Kupuliza filimbi ni rahisi. Kuipulizia timu ya nyumbani, uwanja umejaa, ndiyo kazi. Miaka yote ile niliifanya mara chache, na usiku wake sikulala. Wewe umeifanya kwa barua. Nimemwambia kila mtu uwanjani.


30 Aprili

Mama na Baba wapendwa,

Shikamooni. Hajanifukuza. Nitasuka mwaka mwingine.

Siku ile nilimkuta Profesa anakagua kadi za mwaliko. Nikamwekea picha ya jeli juu ya kadi. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia nimerudia na kurudia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena picha kama vile ng'ombe angeondoka. Kisha akasema niende. Siku nzima hakutoka ofisini, na mimi nikafungasha vikombe vyangu.

Asubuhi yake aliita mkutano. Aliiweka ile chupa katikati ya meza, akaigeuza ubavu, akatuzungusha mmoja mmoja tusome kwa sauti. Yeye akasoma wa kwanza. Alikuwa ameipitisha hiyo oda mwenyewe na hakuisoma. Akasema, "Kuanzia leo hakuna kitu kitakachoitwa kimevalishwa mpaka Mizani amekivua." Nimepewa chumba changu, Mama. Kidogo, hakina dirisha, na mlangoni wenzangu wamebandika picha ya ng'ombe. Kipimo chenyewe wanakiita hivyo hivyo: "Umeshazipitisha kwa ng'ombe?" Ni kipimo changu. Nikisikia wanakitaja koridoni, natembea nimenyooka.

Siku ya wageni nilisimama na picha mbili, ya Februari na ya Machi. Nikawaeleza yote. Mkubwa mmoja wa safu ya mbele, mahali ambapo mngekaa nyinyi, akauliza, "Kwa maneno mafupi, mmeshindwa?" Nikamwambia, "Bado hatujaipata. Hayo ni maneno mawili tofauti." Aliandika kitu. Sijui ni kitu gani, na kwa mara ya kwanza sijali.

Na sasa lile ambalo mkono unaniwasha kuliandika. Tumepata chupa safi, haina ng'ombe. Tumevalisha upya. Nimezivua, nimeona mstari wa juu, mweusi, umekaa mahali pake. Juzi tulizimwaga juu ya seli, tukaosha. Zimebaki, Mama. Si zote, na juu ya seli zisizo na ile alama zimebaki nyingi kidogo kuliko nilivyotaka, kwa hiyo nina kazi. Lakini zimeshika.

Unaweza kusoma saluni. Ila usimalizie hapo pa "zimeshika". Malizia na neno hili, na ulisome kwa sauti ile ile uliyosomea ng'ombe: bado.

Mwambie Mwalimu nampenda.

Mizani


22 Mei

Mwanafunzi wangu,

Marahaba. Mkono wa kushoto bado mzito, lakini penseli mimi naishika kwa kulia, kama nilivyokufundisha, ingawa wewe ulikuwa ukiibana kama unataka kuikaba roho.

Naendelea na matibabu. Kuna siku nzuri na siku za kutapika. Mama yako ananipikia, ananisimamia nimalize, kisha anaonja mwenyewe chungu kilichobaki na kusema hakina chumvi. Nywele zimeanza kunyonyoka, naye amenikatia zote vizuri, akajikatia na zake fupi siku hiyo hiyo, akasema ndiyo mtindo. Sasa nusu ya wateja wanataka huo mtindo.

Nilikukasirikia. Nataka ulijue hilo, maana wewe ni mtu wa vipimo kamili. Siku ya barua yako nilirudi nyumbani nikalia, nikasema mtoto huyu amenipa kisha amenipokonya. Asubuhi nikaamka, nikakumbuka kwamba uliyeninyima ni wewe yule yule niliyekunyima nyota, nikajua umenifanyia nilichokufanyia. Nikaoga, nikaenda kumgongea mama yako.

Barua ya wageni imesomwa. Mama yako alipofika kwenye neno la mwisho hakulisema peke yake. Saluni nzima ililisema, na wale waliokuwa nje wakichungulia dirishani pia. Siku hizi mtu akipita barabarani akauliza kwa utani, "Mama Daktari, dawa tayari?", wanamjibu wote kwa pamoja, "Bado!", videvu juu, kama wamemtajia cheo. Na fundi rangi ameitwa tena. Nilidhani jina linafutwa. Halikufutwa. Chini yake imeongezwa, herufi kubwa zile zile: DAWA BADO. Mama yako alisimama ng'ambo ya barabara kuhakikisha inasomeka kutoka kule.

Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na sijawahi kuipa nyota kazi isiyokwisha. Wazazi walikuja kunigombeza, sikuipa. Mama yako alikuja kwa ajili ya ng'ombe wako, akapiga meza, sikuipa.

Ndani ya bahasha kuna nyota moja nyekundu. Ibandike kwenye mlango wa chumba chako, juu ya yule ng'ombe. Mkia ukiupata, niandikie.

Mwalimu wako